Kufuli la Kuazima

Wiki nzima mmenisimamisha njiani na swali moja: vidole vya Shangazi vimekatika au havijakatika? Jamani, hata salamu siku hizi hamna. Haya, tuviangalie pamoja.

Vidole vilikuwa palepale tulipoviacha, kati ya meno ya mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Nyuma ya vidole kulikuwa na kufuli jekundu. Nyuma ya kufuli, sanduku la swichi ya umeme wa mtaa mzima. Na mipini ya mkasi ilishikwa na msimamizi wa kazi, yule ambaye mafundi walimwita Chapchapu kwa kuwa hajawahi kusubiri chai yake ipoe.

"Toa mkono, Shangazi."

"Bana, kama moyo huo unao."

Chapchapu akabana. Kidogo tu, lakini ngozi ikapasuka na damu ikachuruzika juu ya kufuli. Alipoiona damu akautupa mkasi matopeni na kugeuka pembeni.

Basi vidole vipo. Vimechanika, lakini vipo.

Na wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani, sikiliza haraka kabla hajalidai. Mtaa huu ulikuwa unahamishiwa umeme chini ya ardhi. Nguzo za zamani zimeshang'olewa, nyaya zake zimeviringwa na kupakiwa kwenye lori, na umeme wote sasa unapita kwenye kebo nene iliyolazwa mtaroni. Kebo hiyo ilikuwa na kiungio kibovu ndani ya shimo la kona ya chini, karibu na hospitali. Aliyeteremka kukitengeneza ni fundi kijana aitwaye Kitinda, kitinda mimba kwao. Shangazi ni dada yake na fundi mwenzake. Jina hilo alibandikwa na wenzake siku mke wa Kitinda alipopata mimba, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Sasa shika sheria yao, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Fundi akitaka kuteremka shimoni, kwanza huzima swichi na kufunga sanduku kwa kufuli lake mwenyewe, kisha ufunguo anaondoka nao. Kufuli likiwepo, mwenyewe yuko chini. Likiondoka, ametoka. Hakuna anayefungua la mwenzake, na ndiyo maana kila mmoja amelipaka lake rangi yake. Jekundu lilikuwa la Shangazi. Na Shangazi mwenyewe alikuwa amesimama juu ya ardhi, kila mwenye macho anamwona.

"Nikuulize taratibu," alisema Chapchapu, ingawa utaratibu hakuwa nao. "Kufuli hili la nani?"

"Langu."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko hapa."

"Sasa chini yuko nani?"

"Mdogo wangu. Nilimwazima asubuhi. Lake limefunga sanduku la nguo la mkewe, lile la kwenda nalo hospitali. Kifungio kilivunjika."

Dereva wa kijiko cha kuchimbia mtaro aliguna. "Yaani kufuli la kuokoa roho ya mtu limekwenda kulinda nepi?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na asubuhi ile Shangazi aliukumbuka usemi huo akampa hivyohivyo, kwa sababu Kitinda alikuwa na haraka na yeye hajawahi kumnyima Kitinda kitu.

"Na huo shingoni mwako ni ufunguo wa nini?" aliuliza Chapchapu.

Shangazi akaufunika kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

"Ni wa akiba. Mwingine anao Kitinda."

"Kufuli la kazi lina ufunguo mmoja. Mmoja tu. Umeazima kufuli, umeficha ufunguo, halafu unanisomea mimi sheria?"

Ukweli ukisemwa na mtu usiyempenda unauma mara mbili, na huu ulikuwa ukweli.

Chapchapu akasogea, sauti akaishusha. "Sikiliza. Kitinda ameletewa habari kwamba mkewe ameingizwa chumba cha upasuaji. Alikuja mpaka hapa kuniaga. Akaniambia kazi imekwisha, imebaki kidogo tu, akapanda pikipiki akaenda. Nimemwona kwa macho haya. Shimo lake limefunikwa turubai. Si limefunikwa, dereva?"

"Limefunikwa," alisema dereva. "Nimetumwa nikaenda, nikaita. Kimya."

"Hakuchukua kufuli," alisema Shangazi.

"Mtu mkewe anapasuliwa tumbo atakumbuka kufuli?"

Tuwe wakweli, msomaji. Hata wewe ungesema hivyo.

"Mpigie simu basi."

Chapchapu alimtazama dereva, na dereva akatazama viatu vyake. Waya za mawasiliano nazo zilikuwa zinalazwa kwenye mtaro huohuo, na asubuhi kijiko chake kilikuwa kimezing'ata na kuzikata zote kwa mara moja. Tangu hapo simu za mtaa mzima, hata za mkononi, maana mnara nao ulitegemea waya hizo, zilikuwa mapambo.

Mvua, ambayo tangu mchana ilikuwa ikidondoka kwa uvivu, ikaongeza bidii. Hapo ndipo walipomwona muuguzi akipanda mtaa mbio, viatu mkononi, gauni jeupe limejaa matope.

"Nani anahusika na umeme?" aliuliza, akihema. "Jenereta letu limezimika. Limekataa kabisa. Mama yuko mezani, ameshapasuliwa, daktari anafanya kazi kwa tochi ya simu. Pumzi tunampa kwa kukamua mpira kwa mkono."

"Mama yupi?" aliuliza Shangazi, na jibu alishalijua.

"Mke wa fundi wenu."

Watu waliokuwa wamejikinga chini ya paa la duka wakatoka nje kwenye mvua. Mmoja akasema "Mungu wangu".

"Mumewe je? Umemwona mumewe?"

"Nimemwona. Yuko kwenye benchi nje ya mlango, ameshika kichwa."

"Una hakika?"

"Dada, nimemruka miguu wakati natoka."

Chapchapu hakushangilia. Nataka mlijue hilo, kwa sababu wengi wenu mmeshamchukia. Alipiga magoti kwenye matope mbele ya Shangazi, mtu mzima yule mwenye mvi, akafumbata mikono.

"Shangazi. Mimi si mtu mbaya. Yule binti anakwenda, na dawa yake iko ndani ya sanduku hili. Kitinda yuko kwenye benchi. Shimo limefungwa. Nifungulie."

"Wifi ni wifi tu," alisema mwanamke mmoja nyuma, si kwa sauti kubwa, lakini ikafika. "Mnamngojea afe ndiyo mfurahi."

Neno hilo lilimchoma Shangazi kuliko mkasi. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemwogesha Kitinda, aliyempeleka shule, na ndiye aliyekwenda kumposea msichana huyu anayekufa sasa mezani. Jana tu walikuwa wamekaa kitandani, yeye na wifi yake, wakikunja vinguo vidogo na kugombania jina la mtoto. Wifi akasema, likiwa jina baya nitamwambia ni la shangazi yake. Wakacheka mpaka wifi akaomba wasichekeshane, tumbo linamuuma.

Alivua uzi shingoni.

Vidole vilikuwa vinateleza kwa damu na mvua, ikabidi ashike ufunguo kwa mikono miwili. Uliingia kwenye kufuli bila shida. Kilichobaki ni kuzungusha. Kufuli litoke, mlango wa sanduku ufunguliwe, mkono wa swichi upandishwe juu, na mtaa wote ungewaka.

"Zungusha," alisema Chapchapu polepole.

"Shangazi. Subiri, Shangazi. Mkwe wangu amepita hapa?"

Alikuwa mama mzazi wa yule mgonjwa, mkwewe Kitinda. Alikuwa amemfuata muuguzi kwa miguu yake ya uzee, khanga imeganda mwilini kwa mvua, ngumi ya kulia ameifumba.

"Si yuko kwako, mama?" aliuliza Shangazi. "Kwenye benchi?"

"Ameondoka. Muuguzi huyu alipotoka tu kuja huku, akainuka, akaniwekea vitu hivi mkononi, akatoka mbio bila kusema neno. Mwanangu, nimeogopa. Nimedhani amekata tamaa, anakwenda kujidhuru."

Akafumbua ngumi. Ndani yake mlikuwa na saa ya mkononi na pete ya ndoa.

Shangazi aliachia ufunguo kana kwamba umemuunguza.

Wewe na mimi tungeona pete na saa, basi. Fundi wa kebo haoni hivyo. Fundi hatii mkono wenye chuma kwenye shaba. Kabla hajaigusa huvua saa, huvua pete, humpa mtu wake amshikie. Kila siku Kitinda humpa dada yake. Leo dada yake hakuwa karibu.

"Hakwenda kujidhuru," alisema Shangazi. "Amekwenda kazini. Yuko shimoni, Chapchapu. Yuko shimoni sasa hivi."

"Shimo limefunikwa."

"Mvua inanyesha. Dereva aliita kabla hajarudi; sasa amejifunika mwenyewe, maji yasiingie kwenye kiungio. Hilo turubai na mvua juu yake, ungemwita mpaka kesho asingesikia."

Chapchapu alisita. Nusura aamini, nawaambia. Halafu akamtazama muuguzi, na kusita kukamtoka. "Pete ni pete. Mtu akiwa na machungu huvua hata shati. Nimemwona akiondoka, Shangazi."

"Twende ukaone."

"Kwenda na kurudi, yule binti atakuwa ameshakwisha."

Shangazi alijua kwamba akiondoka yeye, mkasi utaokotwa. Akitulia hapo akilinda, wifi anakufa na mdogo wake hajui kwamba juu wanaugombania mkono wa swichi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akamshika mama mkwe mabegani.

"Mama, keti hapa. Weka mgongo wako kwenye sanduku hili, asiliguse mtu mpaka nirudi naye."

Yule mama alimkodolea macho. "Mwanangu anakufa gizani kule chini. Nami ndiye unayeniambia niuzuie umeme?"

"Mume wake ameshika waya. Ukiwashwa sasa, utamzika mmoja, halafu wewe ndiye utakayemwambia mwenzake."

Mama mkwe aliteremka taratibu, mkono mmoja gotini, akaketi matopeni na kuegemeza mgongo kwenye sanduku. Machozi na mvua vilikuwa vinamtoka pamoja.

"Nenda," alisema. "Na usikawie, mwanangu, kwa sababu sijui nitakaa muda gani."

Shangazi alikimbia. Alipita mashimo yaliyong'olewa nguzo, yamejaa maji. Akapita chungu za udongo na magurudumu ya mbao yaliyoviringiwa kebo, akateleza, akaanguka, akainuka bila kujua ameumia wapi. Kona ya chini aliliona turubai, limevutwa mpaka pembeni na kukandamizwa kwa mawe. Kwa mtu wa mbali lilikuwa shimo lililofungwa. Alipokaribia, akaona mawe yale yamepangwa kutoka ndani.

Akafunua.

"Funika, maji yanaingia," ilisema sauti ya Kitinda.

Alikuwa amechuchumaa chini kabisa, tochi kichwani, kebo imepasuliwa mbele yake na shaba inang'aa. Mikono yake ilikuwa mitupu, kwa sababu bolti za kiungio ni ndogo na glavu hazizishiki.

"Toka, Kitinda. Toka sasa hivi."

"Siwezi. Jenereta limekufa, Dada, nimelisikia likifa. Zimebaki bolti mbili. Nikizikaza, umeme unafika hospitali. Nikitoka, hata wakiwasha hauendi popote."

"Chapchapu anataka kuwasha."

"Kufuli si lipo?"

"Lipo."

"Basi shuka unisaidie. Ncha zinafyatuka, nahangaika peke yangu kama kichaa. Wewe bana, mimi nikaze."

Alishuka ngazi. Maji ya shimoni yalimfika vifundoni. Akazishika zile ncha za shaba kwa mikono yake miwili, moja huku na moja huku, akazibana zikutane. Mikono ya mdogo wake ikapita katikati ya mikono yake na spana ikaanza kazi. Walikuwa wamewahi kufanya hivi mara nyingi, bila maneno, na kwa muda mfupi ikawa kama siku yoyote ya kazi.

"Moja imekaa," alisema Kitinda. "Dada, wifi yako hatakufa, sivyo?"

"Kaza bolti."

"Asubuhi alinikumbusha nisisahau kufuli. Nikamwambia, Dada atanipa lake." Akaingiza bolti ya pili, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Na wa akiba unao, najua. Tangu utotoni hukuwahi kunipa kitu bila kubaki na pa kukishikia. Mradi uko shingoni mwako, mimi sina wasiwasi."

Shangazi aliinamisha kidevu kifuani.

Uzi haukuwepo.

Akauona, kama mtu anayeona kwa macho: ufunguo umeingia kwenye kufuli jekundu, uzi unaning'inia, na yeye anageuka kukimbia. Alikuwa ameuacha mlangoni. Sasa hata mkasi hauhitajiki.

Lakini mama amekaa pale, alijiambia. Mgongo wa mama umeufunika.

"Kitinda! Baba! Uko wapi, baba?"

Sauti ilitoka juu ya vichwa vyao. Turubai likafunuliwa, na uso wa mama mkwe ukachungulia, unalia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Mtoto ametoka. Wa kike. Analia, wanasema anasikika mpaka nje. Lakini mama yake damu haikatiki, daktari haoni pa kushona. Anataka mwanga, baba. Mwanga tu."

Kitinda aliinamisha kichwa na mabega yakamtikisika. Mkono wenye spana haukusimama.

"Mama," alisema Shangazi, taratibu sana. "Nani amebaki kwenye sanduku?"

"Yule msimamizi. Walipoleta habari nilishindwa kukaa. Akaniambia, nenda mama, ukamtafute baba wa mtoto kokote aliko, mimi nitakaa badala yako. Ameketi palepale nilipokuwa mimi."

"Na ufunguo?"

"Uko kwenye kufuli, mwanangu. Si ndivyo ulivyouacha?"



"Rudi, mama," alisema Shangazi. "Kimbia uwaambie umemwona. Piga kelele njia nzima."

Mama mkwe akageuka. Kitinda alikuwa amemwinulia dada yake uso, na sura ilikuwa ileile ya yule mtoto aliyemwogesha kwenye beseni.

"Achia, Dada. Panda ngazi. Nitamalizia mwenyewe."

"Nikiachia zitafyatuka."

"Zifyatuke."

"Wifi yangu anavuja damu, na mimi sasa ni shangazi wa mtu. Kaza."

Kitinda akaweka spana. Bolti ilikuwa imeingia nusu. Mikono minne iliyolowa ilikuwa juu ya shaba moja, na hakuna uliotoka.

Juu yao, mama mkwe hakuwa amekimbia. Alikuwa amesimama ukingoni, ametazama mtaa wa juu, ngumi yake yenye pete ameibana kifuani.

"Wanangu," alisema, "mbona mlango wa sanduku kule juu uko wazi, na watu wanapiga makofi?"